Tela la Boti: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua



Katika miezi ya karibuni ofisi ya miradi imepokea maswali mengi kutoka sharika za kandokando ya Ziwa Victoria zinazofikiria kununua boti ya kasi kwa ajili ya huduma za afya visiwani. Karibu maswali yote yanahusu boti yenyewe na mashine yake: ina nguvu ya farasi wangapi, inakula petroli kiasi gani, inabeba watu wangapi. Ni mara chache sana tunaulizwa kuhusu tela. Sisi nasi, wakati wetu, hatukuuliza. Kosa hilo lilitugharimu, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Kilichotupata

Boti yetu ni ya faiba, ina urefu wa mita 7 na mashine ya nguvu ya farasi 200. Ganda lake lina umbo la V, nalo limetengenezwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Hatuiachi mwaloni usiku kwa sababu ya wizi wa mashine na petroli. Vilevile huvutwa kwa gari hadi mwalo ulio karibu zaidi na kisiwa tunachokwenda, ili kupunguza saa za majini.

Tulipoandika bajeti, boti ilipewa ukurasa mzima. Tela liliwekwa pamoja na turubai na kamba katika kifungu cha "mengineyo". Fedha zilipobaki kidogo, tulinunua tela lililotumika, ambalo lilikuwa limechomelewa kwa ajili ya mtumbwi wa mbao wa kuvulia samaki. Lilikuwa na ekseli moja na halikuwa na breki. Kwa macho urefu wake ulitosha, na bei ilitupendeza sote.

Baada ya miezi michache nahodha alianza kusema kwamba boti imepoteza kasi na omo inalala chini badala ya kuinuka. Hatukumsikiliza sana. Kisha, katika safari ya kwenda Kisorya, tulipokuwa tumeshapita Bunda, gurudumu la kushoto la tela lilichomoka. Beringi zilikuwa zimesagika. Boti ililala upande na ganda likapasuka. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna mtu aliyeumia. Hata hivyo, boti ilikaa nchi kavu kwa wiki tisa, na kliniki ya mama na mtoto katika visiwa viwili haikufanyika kwa miezi miwili mfululizo. Gharama za matengenezo zilimeza fedha za petroli za nusu mwaka. Kwa fedha hizo tungeweza kununua tela linalofaa tangu mwanzo.

Jambo la kwanza: uzito halisi

Tela huchaguliwa kwa uzito, si kwa urefu wa boti. Uzito unaoandikwa kwenye karatasi za muuzaji mara nyingi ni wa ganda tupu, bila mashine, petroli wala vifaa. Hesabu ya boti yetu ilikuwa hivi:

- Ganda: kilo 1,150
- Mashine: kilo 230
- Petroli lita 200: kilo 150 hivi, kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo
- Betri mbili: kilo 45
- Nanga, makoti ya kuokolea maisha, masanduku ya dawa na vifaa vingine: kilo 125

Jumla ni kilo 1,700. Ongeza uzito wa tela lenyewe, kilo 450, na gari linavuta kilo 2,150. Hapo ni vema kuongeza nafasi ya asilimia 15, kwa sababu mizigo haipungui, huongezeka. Hivyo tulihitaji tela lililotengenezwa kubeba uzito wa jumla wa kilo 2,500. Lile la kwanza lilikuwa halina hata kibao cha mtengenezaji cha kuonyesha uwezo wake. Tela lisilo na kibao hicho lisinunuliwe.

Kama mna mashaka na hesabu, pimeni. Viwanda vingi vya kuchambua pamba katika Kanda ya Ziwa vina mizani ya magari. Kuomba kupima gari na tela mara moja ni kazi ya nusu saa.

Jambo la pili: gari na breki

Kitabu cha gari hutaja viwango viwili vya kuvuta: kimoja kwa tela lenye breki zake, kingine kwa tela lisilo na breki. Tofauti yake ni kubwa. Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, kiwango ambacho mtengenezaji hutaja mara nyingi ni kilo 3,500 kwa tela lenye breki, lakini ni kilo 750 tu kwa lisilo na breki. Katika nchi za Ulaya, tela lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 750 ni lazima liwe na breki zake. Sisi tulikuwa tukivuta karibu mara tatu ya hapo bila breki, na tukimsifu dereva kwa uhodari wake.

Breki zinazotumika sana kwenye matela ya boti hazihitaji waya wala mtambo ndani ya gari. Gari likipunguza mwendo, tela husukuma mbele. Msukumo huo hubonyeza pampu au kuvuta kebo iliyo kwenye mkono wa tela, na breki za magurudumu hushika. Ni utaratibu rahisi ambao fundi wetu wa kawaida anaweza kuutunza.

Jambo la tatu: mzigo kwenye mkono wa tela

Sehemu ya uzito lazima iegemee kwenye gari. Kwa tela la boti, kiwango kizuri ni kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Kwetu ni kama kilo 110 hadi 215, nasi tumepanga kilo 150. Kikiwa kidogo mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka, na linaweza kulipindua gari. Kikiwa kikubwa mno, gari huinama nyuma na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Vilevile someni kiwango cha juu ambacho gari lenyewe linaruhusu mahali hapo.

Kupima si kazi ngumu. Wekeni mkono wa tela juu ya mizani ya kupimia magunia, boti ikiwa juu na vifaa vyake vyote, tela likiwa limelala sawa. Mzigo ukipungua au ukizidi, boti husogezwa mbele au nyuma kwa kuhamisha nguzo ya winchi.

Jambo la nne: boti inalalia nini

Hapa ndipo boti ya kasi inapotofautiana na mtumbwi. Kuna matela yenye rola za mpira, na kuna yenye mbao ndefu zilizovikwa zulia. Rola hurahisisha kushusha boti penye maji machache, lakini uzito wote hukaa kwenye vituo vichache. Mbao ndefu hutandaza uzito kwenye ganda. Kwa ganda la kasi tunashauri mbao ndefu, zipangwe chini ya mihimili ya ndani ya boti. Baadhi ya boti za kasi zina vidato chini ya ganda. Hizo huweza kunasa kwenye rola.

Sharti kubwa ni kwamba mbao zifike hadi mwisho wa tezi, maana hapo ndipo mashine inapokaa. Kwenye tela letu la kwanza, tezi ilining'inia karibu sentimita 40 nje ya mbao. Barabara za matuta zilipotikisa kilo 230 za mashine, ganda lilijikunja kidogo kidogo. Fundi alipoweka rula ndefu chini ya boti aliona mbonyeo karibu na tezi. Mbonyeo wa namna hiyo huinua tezi na kulaza omo boti inapokimbia, na kasi hupungua. Nahodha alikuwa amesema kweli.

Jambo la tano: ekseli, matairi na beringi

Kwa uzito wa kilo 2,500, ekseli mbili ni bora kuliko moja. Tela hutulia barabarani, na tairi moja likipasuka, lililobaki upande huo hulishika tela lisianguke. Gharama yake ni matairi manne badala ya mawili, na kuligeuza kwa mikono ni kazi.

Chagueni ukubwa wa tairi unaopatikana madukani mjini kwenu, na mnunue tairi la akiba siku hiyo hiyo. Someni pia umri wa tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 3522 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi la tela huharibika kwa jua na kwa kusimama muda mrefu. Baada ya miaka mitano au sita libadilishwe hata kama meno yake ni mapya.

Kuhusu beringi, dereva wetu alikuwa na mazoea ya kufika mwaloni na kuzamisha tela papo hapo. Baada ya safari, habu za magurudumu huwa za moto na hewa iliyomo imepanuka. Zikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa husinyaa na kuvuta maji ndani kupitia sili. Maji huharibu grisi, kutu huingia, beringi husagika. Siku hizi tunasubiri nusu saa, tunagusa habu kwa mkono, ndipo tunashusha. Kuna pia vifuniko vyenye springi vinavyosukuma grisi ndani ya habu ili maji yasipate nafasi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hasara tuliyoipata.

Jambo la sita: chuma chenyewe

Chuma kilichopakwa rangi huanza kutu kwenye maungio yaliyochomelewa na ndani ya mabomba ambako macho hayafiki. Chagueni chuma kilichochovywa kwenye zinki, kama yalivyo mabati ya kuezekea. Kwa wenzetu wa pwani ya Bahari ya Hindi jambo hili si la hiari, kwa sababu ya chumvi. Nao waoshe tela kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya kulizamisha.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu wa kutoa. Tunaomba tu kwamba kabla ya kusafirisha tela kutoka kwenu, tuwasiliane. Tufe la chuma linaloshika tela nyuma ya magari mengi ya huku ni la milimita 50. Matela ya Marekani hutumia vipimo vya inchi, kama vile inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, au inchi 2 na 5/16, ambayo ni karibu milimita 59. Tela la kipimo hicho cha mwisho likifungwa kwenye tufe la milimita 50, linaweza kuruka na kutoka njiani. Plagi za taa nazo hutofautiana. Mara nyingi ni nafuu zaidi kwetu kupokea mchango wa kununulia tela ambalo vipuri vyake vinapatikana hapa.

Maswali ya kamati kabla ya kusaini

1. Je, tela lina kifungu chake katika bajeti, pamoja na tairi la akiba, usajili na matengenezo ya kila mwaka?
2. Je, uzito wa boti ikiwa imejaa umehesabiwa au kupimwa, na nani aliuhakiki?
3. Je, gari letu linaruhusiwa kuvuta uzito huo, na tela lina breki zake?
4. Je, mbao zinafika hadi mwisho wa tezi?
5. Je, kuna minyororo miwili ya usalama inayopishana chini ya mkono wa tela, na mikanda ya kufungia tezi? Kamba ya winchi peke yake haitoshi.
6. Je, ni nani, kwa jina, anayekagua grisi, upepo wa matairi na taa kabla ya kila safari?

Swali la mwisho ndilo tulilolichelewesha kuliko yote. Tela letu la sasa lina ekseli mbili, breki na mbao ndefu, nasi tunalivuta kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Daftari la ukaguzi linakaa ndani ya gari, na nahodha husaini pamoja na dereva. Akisema kuna kasoro, safari inasimama hadi iangaliwe. Kina mama wanaosubiri ng'ambo hawaoni tela, lakini boti huwafikia au kuwakosa kwa sababu ya tela hilo.

Kamati yoyote inayojiandaa kununua inakaribishwa ofisini kuona hesabu zetu, zikiwemo zile za tela la kwanza.