Kuhama Maparoni: taka ni kile kisicho na mnunuzi

Anayehama Mbagala hukodi kirikuu, hupakia kila alicho nacho, na akishafika ndipo anapogundua amebeba takataka kiasi gani. Anayehama Maparoni hawezi kufanya hivyo. Kata hii ya Wilaya ya Kibiti imo ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya vijito na mikoko, na mzigo wa nyumba hutoka kwa mtumbwi, kwa dau au kwa boti ya mashine. Maji yakipwa, kijito hugeuka tope na chombo hulala. Kwa hiyo kuchambua vitu, kazi ambayo mjini huachwa hadi mwisho, huku hutangulia. Na kila kinachochambuliwa na kuachwa huingia kwenye biashara yenye wachuuzi, makuli, manahodha, mafundi na wanunuzi wa chuma chakavu, ingawa hakuna anayeiita biashara ya kuhama.

Nahodha hauzi umbali, anauza nafasi. Gunia la mpunga lina bei inayojulikana kwa sababu hupangwa juu ya jingine na halivunjiki. Godoro la sponji, kabati la vyombo na kochi havipangiki. Vinakula nafasi ya magunia, vikilowa vinaharibika, na lawama humrudia mwenye chombo. Ndiyo maana bei ya kusafirisha kochi huanza kwa maelewano na mara nyingi huishia kwa mwenye kochi kumwachia jirani kwa bei ya kutupa. Mzigo huo huo utashikwa mara nyingine gatini Nyamisati, utoke chomboni uingie garini, kisha ushushwe tena Kibiti, Ikwiriri au Dar es Salaam. Kila mkono unaoushika unalipwa. Ukijumlisha makuli wa huku na wa kule, nauli ya chombo na ya gari, utaona kwamba kochi kuukuu hulipiwa zaidi ya thamani yake kabla halijafika sebuleni.

Vinavyosafiri bila ubishi ni vile vilivyotengenezwa na watu waliozoea maji. Kitanda cha kamba hufunguliwa kikawa matendegu na mifumbati. Mikeka hukunjwa. Sufuria huingizwa moja ndani ya nyingine, na ndani ya ile ndogo zaidi hutiwa vijiko. Kinu, ungo na mbuzi ya kukunia nazi hupata pembe chomboni. Sifa ya vile vya mti na ukindu haiishii kwenye nauli: kikichakaa kimoja kinakuwa kuni au mbolea, wala hakimwachii mtu deni la usafi.

Wanaohama si wa aina moja. Wapo walimu, wauguzi na watumishi wengine wanaopangiwa vituo vipya. Mtumishi wa umma akihamishwa anastahili kulipwa gharama za kusafirisha mizigo yake, na fedha hiyo ikichelewa huuza haraka alicho nacho ili apate nauli. Hapo wanunuzi wa kijijini hupata jokofu au televisheni kwa bei ambayo duka la Kibiti haliwezi kuitoa. Wapo vijana wanaofuata kazi mjini, ambao mzigo wao ni begi na simu. Wapo wazee wanaofuata watoto. Na wapo wanaohamishwa na maji.

Rufiji inajua kuhamishwa na maji. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha wakulima wengi wa bonde kwenda vijiji vya juu katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji, miaka kadhaa kabla nchi nzima haijaingia katika vijiji vya ujamaa. Watu walibeba walichoweza, wakaacha nyumba na miembe, kisha wakarudi msimu wa kilimo na kulala kwenye madungu karibu na mashamba yao. Aprili 2024 maji yalirudi kwa nguvu Rufiji na Kibiti, maelfu ya watu wakalazimika kuacha makazi, na mashamba yakazama. Katika kuhama kwa namna hiyo hakuna kuchagua. Mto ndio unaochagua, na unachokichukua unakwenda kukibwaga mikokoni.

Kwa anayehama kwa hiari, mali kubwa kuliko zote ni nyumba yenyewe. Sehemu kubwa ya nyumba za delta hujengwa kwa miti na udongo, na siku hizi nyingi zimeezekwa kwa bati. Udongo hurudi ardhini bila kumsumbua mtu. Bati huvuliwa moja moja, misumari inang'olewa na kunyooshwa juu ya jiwe, milango na madirisha hutolewa pamoja na fremu zake. Bati lenye matundu machache bado lina soko: hufunika banda la kuku, jiko au choo, na fundi hodari huziba matundu kwa lami. Lililooza kabisa huenda kwa mnunuzi wa chuma. Sijaona mradi wowote wa mazingira unaookoa vifaa vya ujenzi kwa ukamilifu kama familia inayobomoa nyumba ili ikajenge kwingine, na familia hiyo hufanya hivyo kwa sababu bati jipya ni ghali, haihitaji semina.

Boriti zina habari yake. Mikoko ya Rufiji, inayokadiriwa kufunika takriban hekta 53,000, ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi miti yake ilipakiwa kwenye majahazi ikajenga nyumba za Zanzibar, Oman na miji ya Ghuba isiyo na misitu. Tanzania ilizuia kuiuza nje 1987. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingizwa 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hata hivyo mkoko na mkandaa bado vinajenga nyumba za pwani, na boriti ya mkoko iliyokaa pakavu hudumu miaka mingi. Kwa hesabu ya kawaida, kila boriti ya zamani inayotumika tena ni mti mmoja usiokatwa. Lakini mazao ya misitu hayasafirishwi bila hati, na mkaguzi kizuizini hana njia rahisi ya kutofautisha boriti ya nyumba iliyobomolewa na iliyokatwa wiki iliyopita. Anayetaka kuhama na boriti zake aanze kwa ofisi ya kijiji na maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kabla hajalipa nauli. Wengi hukwepa usumbufu huo kwa kuziuza hapo hapo, na kwa mtazamo wa msitu si vibaya: zinabaki kijijini, zinajenga tena.

Chuma hakina shida ya soko. Fremu za baiskeli, nanga zilizovunjika na mashine za boti zilizokufa hukusanywa, hupimwa kwa kilo na kupelekwa Dar es Salaam, ambako viwanda huyeyusha chakavu na kutoa nondo. Nondo hizo zinarudi Kibiti kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Alumini na shaba hulipwa vizuri zaidi, na ndiyo sababu sufuria haitupwi pwani.

Delta hii ilishuhudia uokoaji wa chuma ambao hautasahaulika katika historia ya vita. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ilijificha katika mito ya Rufiji. Waingereza waliishambulia, na tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Hawakuiacha na mali yake. Mizinga yake 10 iling'olewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kupigana nchi kavu hadi mbali. Mmoja uko leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Kwa njia ya maji na mabega ya watu, tani za chuma zilitoka ndani ya mikoko hii zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa hiyo anayesema dumu la plastiki haliwezi kutolewa delta kwa sababu ya umbali anazungumzia bei, hazungumzii njia.

Na bei ndiyo kiini cha yote. Ukitembea kwenye kiwanja kilichohamwa utaona wazi soko linapoishia. Hakuna bati, hakuna msumari, hakuna ufunguo uliosahaulika. Utakuta chupa za plastiki, viroba vilivyochanika, viatu vya raba, sponji ya godoro, nguo za mitumba zisizovalika tena, betri za tochi na vipande vya neti za uvuvi. Vingine huchomwa. Vilivyobaki hungoja bamvua, maji yanapopanda yakafika uwanjani, vikaelea hadi kwenye mizizi ya mikoko wanakokulia kamba, ambao ndio fedha ya wavuvi wa delta. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na imepungua kweli. Lakini marufuku hiyo haikugusa vifungashio vingi wala chupa, ambazo ndizo zinazojaa nyuma ya nyumba.

Chupa zina wanunuzi Dar es Salaam. Waokotaji wa Mbagala na Temeke wanaishi kwazo. Tatizo lake ni kwamba ni nyepesi na zinakula nafasi, kasoro ile ile ya godoro, na nahodha atakutoza nafasi. Zikikanyagwa na kushindiliwa kwenye gunia, hesabu hubadilika. Vyombo vinavyoleta unga, sukari, soda na saruji Maparoni havitoki vimejaa kila safari, hasa mavuno ya mpunga yakishapita. Gunia la chupa zilizoshindiliwa lingeweza kusafiri kwenye nafasi ambayo vinginevyo ingekuwa hewa. Kinachokosekana ni mtu wa kulipokea Nyamisati na kulipa taslimu siku hiyo hiyo.

Betri za sola zinahitaji uangalizi zaidi. Umeme wa jua umeingia nyumba nyingi za delta, na betri ya risasi ikifa humwachia mwenye nyumba uamuzi mgumu, kwa sababu ni nzito na ina tindikali, lakini risasi yake inanunuliwa. Mchuuzi mdogo anaweza kumwaga tindikali chini ili apunguze uzito, akaondoka na risasi. Madhara ya betri za risasi Wakenya wanayajua kwa machungu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri jirani na nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hapa Tanzania, kukusanya na kusafirisha taka hatarishi kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mamlaka ya taifa ya mazingira ndiyo inayosimamia. Anayehama na betri iliyokufa asiifungue. Aipeleke nzima, wima, mdomo wake ukiwa umefungwa, kwa mnunuzi mwenye kibali, hata kama bei ni ndogo.

Nimesikia mara nyingi watu wa mjini wakiwahubiria wanavijiji habari za usafi. Kwa delta mahubiri hayo hayana uzito, kwa sababu wananchi wameshaonyesha kwamba chochote chenye thamani hawakiachi. Panapohitaji nguvu ni kwenye nauli ya vile visivyo na thamani. Halmashauri ya Kibiti inakusanya ushuru wa mazao yanayotoka kwa maji. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitumika kuweka banda moja la kukusanyia gatini Nyamisati, lenye mizani na msimamizi anayenunua plastiki, neti chakavu na betri, basi manahodha wenyewe watafanya kazi iliyobaki. Hawahitaji kuajiriwa wala kushawishiwa. Wanahitaji bei inayojulikana kabla hawajatoka Maparoni.

Na wewe unayejiandaa kuhama, anza mwezi mmoja kabla. Tangaza kochi na kabati mapema, mnunuzi aje kwa wakati wake na si siku unayoondoka, kwa maana haraka yako ndiyo faida yake. Mkataba wako na nahodha ujumuishe gunia moja la taka, na ulilipie kama mzigo mwingine wowote.