Ukipiga mbizi Ziwa Chala, usikimbilie mlimani

Swali la leo: mtu amepiga mbizi asubuhi, ametoka majini salama, yuko fiti kabisa. Mchana anapanda gari kwenda Marangu kuanza safari ya Kilimanjaro. Je, kuna tatizo?

Lipo, na linaweza kumpooza. Ili tuelewe kwa nini, twende kwanza Ziwa Chala.

Chala lipo upande wa mashariki wa mlima, ndani ya kreta ya volkano, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake. Kina chake kinazidi mita 90. Maji yake mengi ni mvua iliyonyesha mlimani, ikapenya kwenye miamba na kuibukia humo chini kwa chini. Tutalitumia kwa hesabu tu. Usiende ukajirushe majini: mwaka 2002 mamba alimuua msichana Mwingereza aliyekuwa akiogelea humo.

Maji baridi, uzito mwingine

Tofauti ya kwanza na bahari ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025, ya Chala ni kilo 1 hivi. Kwa hiyo bahari inakuinua zaidi. Mzamiaji ambaye yeye na vifaa vyake anachukua nafasi ya lita 100 za maji akiwa Zanzibar, akija Chala anapoteza kama kilo mbili na nusu za kuinuliwa. Asipopunguza vyuma vya risasi kiunoni, atazama kama jiwe.

Mita 18 ambazo si 18

Tofauti ya pili ndiyo yenye hatari, maana haionekani. Uso wa Chala uko karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yako hapo ni pungufu: mgandamizo wake ni kama 0.9 ya ule wa pwani.

Sasa, ukiwa chini ya maji unavuta hewa ya mtungi kwa mgandamizo uleule wa maji yanayokuzunguka. Naitrojeni, ambayo ni karibu asilimia 78 ya hewa, inayeyuka kwenye damu na nyama za mwili. Kadiri unavyoshuka na kukaa, ndivyo inavyoingia nyingi. Ukipanda, lazima itoke. Ukipanda taratibu, inatoka kwa mapafu na wala husikii kitu. Ukipanda haraka, inafanya kile soda inachofanya ukifungua kizibo: mapovu. Tofauti ni kwamba haya yanatokea kwenye viungo, kwenye damu, hata kwenye uti wa mgongo.

Mapovu yanategemea sana mgandamizo umeshuka mara ngapi. Ukitoka mita 18 baharini, unashuka kutoka 2.8 hadi 1, yaani mara 2.8. Ukitoka mita 18 Chala, unashuka kutoka kama 2.65 hadi 0.9, yaani mara 2.9 na ushee. Kwa mwili wako, hizo mita 18 za Chala ni sawa na karibu mita 19 na nusu za baharini. Ndiyo maana ukivuka mita 300 juu ya usawa wa bahari, wazamiaji hutumia majedwali ya nyanda za juu, au kompyuta ya mkononi inayojua mwinuko.

Mlima ni mwendelezo wa kuibuka

Turudi kwa mtu wetu. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900. Horombo ni kama mita 3,700, na hapo mgandamizo umebaki chini ya theluthi mbili ya ule wa pwani. Wapagazi wanaujua mchezo huu: pakiti ya krispi iliyofungwa Moshi ikifika huko imevimba kama puto. Naitrojeni iliyobaki mwilini nayo inataka kutanuka vilevile. Yeye anadhani alishaibuka asubuhi, kumbe bado anaibuka.

Na hili halihusu Chala tu. Watalii wengi hupiga mbizi Mnemba, wakaruka hadi KIA, kisha wakaanza kupanda. Ushauri wa kawaida kabla ya kuruka ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 ukipiga mbizi kadhaa. Lakini ushauri huo ulipimwa kwa mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Mandara tu ni mita 2,700. Kwa hiyo ongeza muda. Au bora zaidi, panda mlima kwanza, bahari ije baadaye.

Kuna mtego mwingine. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na uchovu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, lakini pia zinaweza kuwa za mapovu. Maumivu ya bega au goti, ganzi, miguu kukosa nguvu: hizo ziogope zaidi. Kwa yote mawili, kushuka na kupewa oksijeni husaidia, ila mwenye mapovu anahitaji pia tiba ya chemba ya mgandamizo, na mapema.

Kwa hiyo kama ulipiga mbizi wiki hiyo, mwambie gaidi wako kabla hamjavuka geti. Dalili zikianza usiku kule kambini, ndilo jambo la kwanza atakalohitaji kulijua.