Neno "Arson": Asili, Maana na Utata wa Tafsiri Yake

Miongoni mwa istilahi za sheria zinazomtatiza mfasiri wa Kiswahili ni neno la Kiingereza "arson". Utata huu hautokani na uhaba wa msamiati wa moto katika Kiswahili, bali na wingi wake.

Kiasili, neno hili lachimbuka katika kitenzi cha Kilatini "ardere", yaani kuwaka au kuungua. Lilipitia Kifaransa cha kale, kisha Kifaransa kilichotumiwa na wanasheria wa Uingereza, na kushika mizizi katika Kiingereza mnamo karne ya 17. Mwaka 1769, mwanasheria William Blackstone alilieleza kuwa ni kuchoma nyumba ya mtu mwingine kwa kusudi na kwa nia mbaya. Kifungu cha 332 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kina upana zaidi: hutaja jengo lolote, chombo cha majini, rundo la mazao na hata mgodi. Adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha maisha. Hivyo, maana ya neno hili ina nguzo mbili: moto na kusudi.

Je, kitenzi kipi cha Kiswahili hubeba nguzo zote mbili? "Kuungua" na "kuteketea" hueleza yaliyokipata kitu bila kumtaja mtendaji. "Kuunguza" huwa na mtendaji, lakini si lazima awe amekusudia. Mpishi aliyesahau chungu motoni huunguza wali. "Kuchoma" ni kupana mno: nyama huchomwa, mahindi huchomwa, na mwiba nao huchoma. "Kuteketeza" huongeza dhana ya kuangamiza kabisa, ilhali kosa laweza kutimia hata jengo lisipoteketea lote.

Kwa hivyo, tafsiri iliyo karibu zaidi ni "kutia moto kwa kusudi na kinyume cha sheria". Ni ndefu, lakini haipunguzi wala kuongeza jambo.

Tofauti hizi si za darasani tu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza. Shahidi asemapo mahakamani kwamba bweni "liliungua", hajamshtaki yeyote. Mkalimani akilifasiri kana kwamba "lilitiwa moto", amekwisha kumzulia mtu mkono wenye kiberiti. Kati ya maneno hayo machache pana uhuru wa mshtakiwa.