Anayojifunza Mtu Anapojifunza Kuendesha Motokaa

Mtu anayekwenda kujifunza kuendesha motokaa hudhani ya kuwa kazi iliyo mbele yake ni ya mikono na miguu: kushika usukani, kukanyaga klachi, kubadili gia na kufunga breki. Kazi hiyo ipo, na injini itazimika mara nyingi kabla mguu wa kushoto haujazoea kuiachia klachi polepole. Lakini baada ya majuma machache viungo huzoea. Lililo gumu ni kuizoeza akili kuamua mambo mapema.

Katika Kenya shule nyingi za udereva zina ubao mkubwa uliochorwa barabara, njia panda na mizunguko, mfano wa mji mdogo. Mwanafunzi hupewa kigari cha kuchezea, naye hukisukuma kwa mkono akieleza atapita upande gani, atampisha nani, na atasimama wapi. Mtu mzima, pengine mwenye wajukuu, huona haya kusukuma kigari mbele ya vijana. Hata hivyo ubao huo una maana, kwa kuwa humzoeza kukata shauri kabla hajafika njia panda. Akishafika, nafasi ya kufikiri imekwisha.

Sababu yake ni hesabu. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 katika kila sekunde. Dereva aonapo mtoto anakimbilia mpira barabarani, yapata sekunde moja hupotea kabla breki hazijaanza kushika, na meta hizo 14 zimekwisha pita bila mwendo kupungua hata kidogo. Ndipo breki zianze kazi yao. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, masafa yanayohitajiwa na breki huongezeka mara nne. Hiyo ni kanuni ya maumbile, wala haimwonei haya dereva mwenye miaka 20 ya kazi. Njia ikilowa mvua, masafa huzidi tena.

Kwa hiyo dereva huagizwa aache nafasi mbele yake. Katika mji kama Nairobi agizo hili humchosha mwanafunzi, kwani akiiacha nafasi, mwingine huingia papo hapo, na matatu iliyo nyuma humpigia honi. Huona kama kwamba amenyang'anywa haki yake. Lakini nafasi ile ni akiba, sawa na gunia la mahindi linalowekwa darini. Halina faida ya kuonekana mpaka mvua zichelewe.

Mteremko nao una elimu yake. Barabara ya zamani ya kushuka Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, imewafundisha wengi, na wengine hawakupata nafasi ya kulitumia funzo. Asiyejua hushuka na shehena nzito akitegemea breki peke yake. Breki zikishikwa muda mrefu hupata moto, na zikizidi moto hupoteza nguvu. Dereva mwenye busara huingiza gia ndogo akiwa bado juu, akaiacha injini ilizuie gari. Akingoja mpaka gari limeshika kasi, pengine gia ile haitakubali kuingia tena. Deni nalo lina tabia hii hii. Siku hizi mkopo hupatikana kwa simu kwa dakika chache, na wa pili hukopwa ili kuulipa wa kwanza. Pa kuukataa ni kule juu, mteremko haujaanza.

Lipo jambo jingine, ambalo mwanafunzi hulisahau upesi baada ya kupata leseni. Katika Kenya, miongoni mwa wanaokufa barabarani, waendao kwa miguu ni wengi kuliko kundi jingine lolote. Yeye mwenyewe jana alikuwa mmoja wao, akilaumu magari yaliyomrushia matope.

Mzazi asiye na gari naye yampasa kuijua hesabu ya zile meta 14. Na azipime kwa hatua pamoja na watoto wake, kando ya barabara wanayoivuka kwenda shuleni, wapate kuona kwa macho yao gari hufika wapi kabla dereva hajaanza kulisimamisha.