Vinasaba, mazoezi na ukubwa wa kiuno

Ndugu wawili wanaokula chungu kimoja huweza kutofautiana umbo: mmoja hunenepa nyonga, mwingine tumbo. Wanasayansi wanasema sehemu ya tofauti hiyo hutokana na vinasaba.

Mwaka 2007, watafiti nchini Uingereza walibainisha kuwa watu waliorithi kwa wazazi wote wawili aina fulani ya jeni iitwayo FTO walikuwa wazito kuliko wasioirithi kwa wastani wa kilo 3. Hata hivyo, uchambuzi wa mwaka 2011 uliohusisha watu wazima zaidi ya 218,000 ulionyesha kuwa kwa wanaoushughulisha mwili, athari ya jeni hiyo katika kuleta unene uliokithiri ni ndogo kwa takriban asilimia 27.

Mazoezi nayo hayachagui mahali pa kupunguza mafuta. Kulala chali na kuinua kiwiliwili hukaza misuli ya tumbo, lakini hakuondoi mafuta yaliyo juu yake. Kutembea kwa kasi au kuendesha baiskeli hupunguza mafuta ya ndani yanayozunguka ini na utumbo, hata pale mizani isipoonyesha badiliko. Hayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hatari huongezeka sana kiuno kinapozidi sentimita 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke. Shirika hilo hushauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki.