Kwa Nini Ndege ya Kasi Ilijengwa kwa Sega la Chuma

Wengi wetu tunaamini kitu imara lazima kiwe kizito. Haya, niambie: ndege ya kwenda mara tatu ya kasi ya sauti, yaani kama kilomita 3,200 kwa saa, utaijengaje? Ikiwa nzito mno, haifiki mbali. Ikiwa dhaifu, inavunjika. Na joto nalo lipo: kwa kasi hiyo hewa hupasha bodi kupita nyuzi 200 za Selsiasi, na aluminiamu hapo inapoteza nguvu.

Wamarekani walikutana na kitendawili hiki walipounda XB-70 Valkyrie, iliyoruka mara ya kwanza Septemba 21, 1964. Chuma kisichoshika kutu kinavumilia joto, ila uzito wake ni karibu mara tatu ya aluminiamu. Jibu likawa sega la nyuki.

Kata boksi la biskuti uangalie ukingo wake. Kuna karatasi mbili, na katikati yao karatasi ya mawimbi. Paneli ya ndege ni hivyohivyo: mabati mawili membamba, katikati sega la chuma. Ukiipinda, bati moja linavutwa na jingine linabanwa; sega linayatenganisha na kuyazuia yasiteleze. Umbali kati yao ukiwa mara mbili, ugumu wa kupinda unakuwa karibu mara nne, na uzito hauongezeki sana maana sega karibu lote ni hewa.

Tatizo liko pale jicho lisipofika: kwenye maungio. Kuta za sega ni nyembamba mno, na kila ukingo lazima ushikane na bati. Walitumia lehemu yenye fedha, kwenye tanuru. Lehemu ikiruka mahali, kwa nje huoni kitu. Oktoba 14, 1965, ndege ya kwanza ilifikia mara tatu ya kasi ya sauti, na siku hiyohiyo ikapoteza kipande cha ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, kama sentimita 60. Ilitua salama, lakini ikawekewa kikomo cha mara mbili na nusu. Ya pili ilijengwa vizuri zaidi. Mei 19, 1966 ilidumu kwenye kasi ya mara tatu kwa dakika 32.

Wenzangu wa ualimu, somo hili halihitaji maabara. Mazoezi ya kufundisha yakifika, beba boksi. Kata vipande viwili sawa; kimoja ukibandue karatasi ya juu, kisha uirudishe bila gundi. Vilaze juu ya vitabu viwili, pakia sarafu. Uzito ni uleule, karatasi zote zipo, lakini kilichobanduliwa kitaanza kulegea. Usiwaambie jibu. Waulize: kimepungua nini?