Umeprinti makala ya profesa? Mahakamani haitoshi

Wadau, kuna imani moja imeenea sana huku kwenye makafe. Ukipata makala ya kisomi kwenye Google Scholar, ukaiprinti, ukampelekea wakili wako, basi kesi ya madai umeshashinda. Jaji ataona jina la profesa, ataona jarida la Ulaya, na mdaiwa atanywea. Jamani, haiendi hivyo.

Sababu ni rahisi: karatasi haihojiwi. Shahidi akisema kitu, wakili wa upande wa pili ana haki ya kumbana. Umejuaje? Ulipima vipi? Nani alikulipa? Makala yenyewe inakaa kimya tu mezani. Ndiyo maana maoni ya mtaalamu yanatakiwa yatolewe na mtaalamu mwenyewe. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ambayo mkoloni aliileta mpaka huku na ambayo sheria za Kenya (1963) na Tanzania Bara (1967) zimejengwa juu yake, iliacha kimlango kidogo kwenye kifungu cha 60. Kitabu cha mtaalamu kinachouzwa kwa watu kiliweza kutolewa chenyewe kama mwandishi amefariki, hapatikani, au kumleta kutachelewesha kesi na kula pesa kupita kiasi. Kitabu kinachouzwa! Mwaka 1872 nani alikuwa anawaza PDF ya bure?

Sasa tuje kwenye kesi iliyotikisa mambo haya duniani, Daubert dhidi ya Merrell Dow, Marekani. Watoto wawili walizaliwa na kasoro za viungo, na mama zao walikuwa wametumia Bendectin, dawa ya kichefuchefu cha ujauzito. Familia zikadai fidia. Kampuni ikaleta mtaalamu aliyesema amepitia tafiti zaidi ya 30 zilizochapishwa, zenye wagonjwa zaidi ya 130,000, na hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba dawa hiyo inalemaza mimba. Familia nazo zikaleta wataalamu wanane. Hao walikuwa na majaribio ya maabara na ya wanyama, pamoja na hesabu mpya walizozipiga juu ya takwimu za tafiti zilezile za zamani. Tatizo, hesabu hizo hazikuwahi kuchapishwa popote. Mahakama za chini zikazikataa.

Juni 1993 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema ngoja kwanza. Kuchapishwa na kupitiwa na wataalamu wenzako ni dalili nzuri, lakini si sharti. Jaji aangalie pia kama hoja inaweza kujaribiwa, kiwango chake cha makosa, na kama wanasayansi wa fani hiyo wanaikubali. Kwa maneno mengine, jaji aangalie kazi ilifanywaje.

Hapo utadhani familia zilishinda. Wapi! Kesi ikarudi chini, na mwaka 1995 wakashindwa tena. Majaji waliona wataalamu wale hawakufanya utafiti huo kabla ya kuitwa kwenye kesi. Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaijui. Kesi ya madai inaamuliwa kwa kipi kina uwezekano zaidi. Tuseme (huu ni mfano wangu tu) watoto 5 kati ya 1,000 huzaliwa na kasoro bila dawa, na kwa waliotumia dawa wanakuwa 8. Dawa imeongeza, kweli, lakini kati ya wale 8, watano wangezaliwa hivyo hata bila dawa. Mtoto wako ni yupi? Ili takwimu pekee zikubebe, idadi ipite 10, yaani zaidi ya mara mbili.

Na makala iliyochapishwa inaweza kuwa uongo mtupu. Dk. William McBride wa Australia, shujaa aliyeonya kuhusu thalidomide mwaka 1961, alitoa ushahidi Marekani dhidi ya hiyo hiyo Bendectin. Mwaka 1982 jarida la kisayansi lilitoa makala yake kuhusu sungura na dawa nyingine, hyoscine. Baadaye ikabainika takwimu zilichezewa, na mwaka 1993 akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Bendectin yenyewe iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1983, ila mwaka 2013 mchanganyiko uleule uliruhusiwa tena kwa jina la Diclegis.

Kwa hiyo kabla hujalipia kuprinti, shuka mpaka mwisho wa makala usome nani alifadhili utafiti. Tafuta kama makala imewahi kufutwa na jarida. Halafu muulize wakili wako swali moja tu: nani atasimama mbele ya jaji kuieleza, na atalipwa na nani?